Diski iliyokataa kufunguka Kabambare

Juzi mdogo wetu mmoja wa mwaka wa pili aliniuliza: "Yaya, niko na dola 40. Ninunue dekoda gani inayorekodi?" Nilitaka kumjibu kwa mstari mmoja. Nikashindwa, kwa sababu swali lenyewe liligusa kidonda, na jibu lake lilishanigharimu kitu ambacho dola 40 hazikirudishi. Basi naliandika lote hapa. Wale wa fasihi mtanisamehe. Kila siku mnahakiki riwaya na nyimbo, leo mimi nahakiki boksi la plastiki lenye taa nyekundu. Nalo ni kazi ya mtu, liko na ahadi zake na uongo wake.

Nianze na usiku wa tarehe 7 Februari 2024. Mnaukumbuka. Nusu fainali ya Kombe la Afrika kule Abidjan, Leopards na Côte d'Ivoire. Tulikuwa tumefika pale kwa njia ya ajabu: droo tatu kwenye kundi, na Zambia, na Moroko, na Tanzania, halafu Misri kwa penalti, kipa Mpasi mwenyewe akipiga ile ya mwisho, halafu Guinea mabao 3 kwa 1. Lakini si mpira ninaotaka kuusema. Wimbo wa taifa ulipopigwa, wachezaji wetu walisimama kwenye mstari, mkono mmoja umeziba mdomo, mkono mwingine vidole viwili kwenye panja kama mdomo wa bunduki. Dunia nzima ikauliza maana yake. Sisi wa Maniema ya kusini hatukuhitaji mtangazaji atufasirie.

Mama yangu anaishi Kabambare. Ameshakimbia mara mbili maishani, mara ya pili akiwa na sufuria moja kichwani na mtoto wa jirani mkononi. Usiku ule kwao jenereta ya pale wanapoonyesha mpira ilikosa mafuta, akasikiliza kwenye radio. Kesho yake watu wakamwambia: watoto wameziba midomo mbele ya dunia. Akanipigia simu: "Papa, mimi nataka kuona hiyo." Video za WhatsApp zilikuwa tele, sekunde 20, zimekatwa, zimeandikwa maneno juu yake, nyingine zimetiwa muziki. Hakutaka hizo. Alitaka kuona wanaingia, wanasimama, kamera inapita kwa kila mmoja, uso kwa uso, mpaka wimbo unaisha.

Nikamwambia usijali, mama, tuko nayo. Kwa sababu baba mdogo hapa Kasongo alikuwa na dekoda ya kulipia, ile kubwa yenye kurekodi, na diski ya nje ya giga 500 imechomekwa nyuma. Saa 4 ya usiku kwetu, timu zilipotoka kwenye korido, alibonyeza kitufe chekundu mwenyewe. Mchezo wote uliingia. Tulifungwa 1 kwa 0, hatukulala kwa hasira, lakini asubuhi tulifungua na picha ilikuwa safi kama maji ya chemchemi.

Majuma mawili baadaye nilipanda pikipiki kwenda Kabambare. Mnajua njia ile wakati wa mvua. Diski niliifunga kwenye sashe tatu, nikaiweka kifuani chini ya shati kama dawa. Nilipofika, tukaenda kwa kijana anayechaji simu, ndiye aliyekuwa na laptop. Mama akaletewa kiti. Majirani wakajaa mlangoni. Kijana akachomeka diski, mashine ikafikiri kidogo, kisha ikaandika kwa Kifaransa kwamba diski hii haijulikani, inabidi kuiformati kwanza, je, unakubali? Kabla sijafungua mdomo, kijana amekubali. Alidhani anasaidia. Hakuna aliyemgombeza, maana hata mimi mwenyewe nilikuwa sijaelewa bado kilichotokea.

Niliporudi, fundi mmoja alinieleza, na maelezo yake yaliniumiza kuliko ile formati. Hata kama kijana asingegusa kitu, tusingeona chochote. Dekoda za kulipia huandika picha kwenye diski zikiwa zimefungwa kwa ufunguo, na ufunguo uko ndani ya dekoda ileile na kadi ileile. Diski ikihamia kwenye laptop ni mawe tu. Ikihamia kwenye dekoda nyingine ya kampuni hiyohiyo, pia mawe. Tena baba mdogo aliniambia jambo ambalo hakuwa amelitilia maanani: mwezi abonema ilipokwisha, hata mambo yake ya zamani aliyorekodi yalikataa kufunguka nyumbani kwake, kwenye dekoda yake, kwa diski aliyoinunua kwa pesa yake. Alipolipa tena, yakafunguka. Kwa hiyo anachokirekodi hakijawahi kuwa chake. Anakodisha kumbukumbu mwezi kwa mwezi.

Hapo ndipo ulipo uhakiki wangu wa hizo dekoda kubwa. Picha nzuri, ndiyo. Zina vichwa viwili ndani, unarekodi chaneli moja huku unaangalia nyingine, ndiyo. Orodha ya vipindi vya wiki nzima, unachagua kwa kidole kimoja. Kama kazi ya ufundi nazipa heshima. Lakini kazi ya kurekodi ni nini? Baba zetu walikuwa na video ya kaseti. Mashine nzito kama jiwe la kusagia, picha inanyesha mvua, kaseti moja masaa 3 halafu basi. Lakini kaseti ya arusi iliyorekodiwa Kasongo ilipanda lori, ikaonwa Kabambare, ikaendelea mpaka Kalemie kwa shemeji, ikarudi baada ya mwaka imechakaa. Mashine yoyote iliipokea. Haikumuuliza mtu wewe ni nani na umelipa lini. Tumepata picha safi, tumepoteza hilo, na wengi wetu tunanunua bila kujua kwamba tumelipoteza.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani liwe hili: nikichomoa flashi hapa, inafunguka kwenye laptop ya mtu mwingine? Muuzaji akianza kukuambia habari ya 4K na waifai, mrudishe kwenye swali.

Dekoda ndogo za chaneli za bure, zile zinazoletwa kwenye mabegi kutoka Bukavu na Lubumbashi, nyingi zinajibu ndiyo. Zinaandika faili la kawaida, mara nyingi jina lake linaishia na herufi ts, na programu ya VLC inalifungua bila kubembelezwa. Mimi yangu nilinunua kwa dola 25, kubwa kama daftari la shule. Kwa kurekodi chaneli zisizofungwa, kijiboksi hiki kinalishinda lile la baba mdogo vibaya sana. Lakini nacho kina uongo wake, na niuseme bila huruma.

Uongo wa kwanza uko kwenye karatasi ya boksi: eti "tayari kurekodi". Tayari kurekodi si kurekodi. Maana yake ni kwamba kuna tundu la USB na kitufe kwenye telekomande. Kilichobaki, yaani mahali pa kuandikia, unajinunulia. Tena kuna dekoda ambazo tundu lake la USB ni la kuangalia filamu na kusasisha programu tu, hazirekodi kabisa, na nje zinafanana na nyingine kama mapacha. Usinunue bila kuona kwa macho yako: muuzaji aweke chaneli, abonyeze, mngoje dakika 5, mchomoe, mfungue kwenye laptop. Akikataa, ondoka.

Flashi nazo, jamani. Sokoni kuna flashi zilizoandikwa giga 512 kwa bei ya maboga. Ndani ni giga 8 au 16 zilizofundishwa kudanganya. Unarekodi, inakubali, inaendelea kukubali, na mwisho unakuta mwanzo wa kipindi chako umefunikwa na mwisho wake. Programu ya bure H2testw inaijaza flashi nzima na kusoma tena, inakuambia ukweli. Nunua giga 32 au 64 ya kweli, inatosha: saa moja ya picha ya kawaida inakula kama giga 1 hadi 2, ya HD kama 3 au zaidi kidogo. Diski kubwa ya nje ni tamaa. Inavuta umeme kutoka tundu la USB, na tundu la dekoda ya dola 25 mara nyingi halina nguvu ya kuizungusha. Utasikia tik-tik-tik na hakuna kitu.

Halafu kuna ukuta wa giga 4. Flashi ikiwa imeformatiwa kwa mtindo wa FAT32, faili moja haliwezi kuzidi giga 4. Dekoda nzuri inakata yenyewe na kuanza faili la pili. Dekoda mbaya inasimama kimya. Mimi yangu inakata, na kila inapokata inakula sekunde moja au mbili. Nimezoea.

Saa nayo ni ugonjwa wa kwetu hasa. Sisi Maniema tunakwenda na saa ya Lubumbashi, siyo ya Kinshasa. Kipindi kinachotangazwa saa 2 ya usiku kule, kwetu ni saa 3. Na dekoda nyingi zinachukua saa kutoka satelaiti, ambayo inatoa saa ya dunia, masaa 2 nyuma yetu. Usipoingia kwenye menyu ukaweka +2, ukapanga kurekodi kwa saa ya ukutani, utaamka na masaa 2 ya kitu usichokijua. Nilirekodi hivyo mahubiri ya Kihindi, kwa uaminifu mkubwa, mara mbili.

Sasa umeme. Wale mnaosoma Kinshasa au Lubumbashi mtaruka aya hii, sisi wengine ndiyo tunayoihitaji. Kwetu umeme ni pano na batri, au jenereta ya jirani mpaka saa 4. Hapa kijiboksi kidogo kinaonyesha akili yake. Angalia nyuma yake au kwenye chaja yake: kama imeandikwa 12V, unaweza kukiunga kwenye batri ya pano kwa waya wenye fyuzi, bila konvertisa, mradi usigeuze jumlisha na toa. Kinakula kama wati 10. Na kurekodi hakuhitaji tele kuwaka! Watu wengi hawajui hili. Unapanga, unazima tele, dekoda inafanya kazi peke yake gizani. Masaa 3 ya kurekodi yanachukua wati-saa 30 hivi. Batri ya ampea-saa 100, hata ukitumia nusu yake tu ili isife mapema, ina kama 600. Yaani unaweza kurekodi usiku kucha, na simu za nyumba nzima zikachajiwa. Dekoda kubwa yenye diski ndani ikiwa inataka konvertisa, konvertisa yenyewe inakula. Jihadhari jambo moja tu: umeme ukikatika katikati ya kurekodi, faili lililo wazi laweza kuharibika lote, siyo dakika ya mwisho peke yake. Ndiyo maana batri ni bora kuliko jenereta hata kama jenereta ina nguvu zaidi.

Mvua sina dawa yake. Mawimbi ya Ku, yale ya parabole ndogo, yanazama mvua kubwa ikishuka, na dekoda inaendelea kuandika miraba na ukimya. Wenye parabole kubwa za zamani za bendi ya C wanatucheka siku hizo.

Najua mnachotaka kuniambia, maana hata mdogo wetu alinikatiza hapo: "Lakini Yaya, hizo za bure mara nyingi hazionyeshi Kombe la Afrika." Kweli kabisa. Huu ndio mfupa wa jambo lote. Michezo mikubwa inauzwa, kwa kawaida aliyeinunua anaifunga, na chaneli za bure mara nyingi zinabaki na habari, mahubiri, muziki na matangazo ya serikali mbalimbali. Boksi linalokuachia unachorekodi mara nyingi halina mchezo. Boksi lenye mchezo halikuachii. Wanaosema dekoda ya bure inatosha kwa kila kitu wanadanganya, na wanaosema lipa abonema na mambo yamekwisha wanadanganya pia. Siwalaumu wenye haki za matangazo kwa kufunga mlango wa biashara yao. Nalaumu kumwandikia mtu neno "kurekodi" juu ya boksi wakati ungeandika "kuahirisha kuangalia". Ni vitu viwili.

Mimi nilitoka kwenye mtego huo kwa waya wa rangi tatu, ule wa manjano, mwekundu na mweupe. Dekoda nyingi bado ziko na tundu zake. Waya wa HDMI kwa kawaida una kufuli, huu wa zamani kwa kawaida hauna, kwa sababu unatoa picha ileile inayokwenda kwenye tele ya kizamani. Kuna kidude kidogo cha kunasa picha, kinachomekwa kwenye USB ya laptop, mimi nilikipata kwa dola 12. Upande mmoja waya, upande mwingine laptop inaandika. Unapoteza HD, unarudi kwenye picha ya tele ya kawaida, rangi zinafifia kidogo kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Na laptop nayo inakula umeme, kwa hiyo hesabu batri yako. Lakini faili ni lako. (Kuangalia na mama yako ni jambo moja. Kufungua chumba, kuweka mabenchi na kudai faranga mlangoni ni jambo lingine; sheria yetu ya haki za watunzi iko tangu 1986, na wanaosomea sheria humu wanaijua kuliko mimi.)

Basi mdogo wangu, dola 40 zako: 25 kwa kijiboksi cha chaneli za bure kilichojaribiwa mbele yako, inayobaki kwa flashi moja ya kweli. Kidude cha kunasa ngoja mwezi ujao, au mchange watatu wanne, maana hakuna anayekihitaji kila siku. Na kwa michezo, tafuta baba mdogo mwenye abonema. Kama una dola 100 na unataka raha ya picha, nenda kwa dekoda kubwa, sitakuzuia, ila usiweke ndani yake kitu chochote ambacho siku moja utapenda kumpa mtu mwingine.

Mwezi wa Novemba 2025 nilipata nafasi ya kujaribu yote haya kwa kweli. Leopards walikuwa Rabat kwenye mchujo wa kutafuta Kombe la Dunia. Tarehe 13 waliitoa Kameruni 1 kwa 0, Mbemba dakika za nyongeza. Tarehe 16 Nigeria, 1 kwa 1, halafu penalti 4 kwa 3, Mbemba tena akimaliza. Mchezo wa Nigeria niliunasa kwa baba mdogo kwa waya wa rangi tatu. Laptop nilikuwa nimeichaji mchana kutwa, na bado ilibaki asilimia 9 penalti zilipoanza. Sijawahi kuangalia namba pembeni mwa kioo kwa hofu namna ile. Faili lilijikata mara moja, katika muda wa ziada, mpira ukiwa umetoka nje. Bahati.

Nikaenda tena Kabambare, safari hii flashi iko mfukoni, na nakala nyingine kwenye simu. Kijana wa kuchaji simu alinikumbuka, akaona aibu, akaniachia mashine nichomeke mwenyewe. Likafunguka. Mama alikaa kwenye kiti kilekile, akaangalia yote, hata matangazo ya mapumziko sikuruhusiwa kuruka. Penalti ya mwisho ilipoingia alipiga makofi kama vile haijulikani tangu juma lililopita. Majirani wakaomba irudiwe.

Watu walipotawanyika alinivuta mkono. "Papa, nimefurahi sana. Na ile ya vidole?"